Jinsi Jost Trier Alivyosoma Fikra Katika Mtandao wa Maneno

Mwaka 1931 mwanaisimu wa Kijerumani Jost Trier alichapisha utafiti kuhusu msamiati wa akili na maarifa katika lugha yake, akadai kwamba neno likichunguzwa peke yake halitoi maana yake kamili, kwa kuwa mipaka yake huwekwa na maneno jirani yanayogawana nalo eneo lilelile la fikra. Eneo hilo huitwa uga wa maana, na ndani yake neno moja likisogea, mengine nayo hayabaki yalipokuwa.

Badala ya kufuatilia historia ya kila neno kivyake, kama ilivyokuwa desturi, Trier alilinganisha hali mbili za Kijerumani cha Zama za Kati, ya mnamo mwaka 1200 na ya mnamo mwaka 1300. Katika hali ya kwanza neno kunst lilitaja elimu na adabu za watu wa tabaka la makabaila. List lilitaja ustadi wa kiufundi usiodai hadhi hiyo. Nalo wîsheit liliyafunika yote mawili, likimtazama mtu mzima, yaani akili, mwenendo na imani yake. Karne moja baadaye list lilikuwa limetoka katika uga huo na kuelekea maana ya hila, wizzen, yaani kujua, likawa limeingia, wîsheit likabaki na maarifa ya kiroho, na kunst halikubagua tena tabaka. Tofauti kati ya kabaila na fundi, ambayo awali mzungumzaji asingeweza kuikwepa kila alipochagua kati ya kunst na list, ikawa haimo tena katika maneno hayo, na ugunduzi huo, ambao kamusi isingeweza kuuonyesha, ndio uzito halisi wa kazi ya Trier.

Udhaifu wake upo kwanza katika taswira aliyoitumia, ya vigae vilivyobanana bila pengo wala kupandana, ilhali maneno ya lugha yoyote hupandana na kuacha mianya. Kubwa zaidi ni suala la ushahidi: hali ya kwanza ilitegemea zaidi fasihi ya makasri, na ya pili maandishi ya kidini, hasa ya Meister Eckhart, kwa hiyo sehemu ya mabadiliko yanayoonekana huenda ilitokana na kubadilika kwa waandishi na mada zao, si kwa lugha yenyewe. Mbinu yake ya kulinganisha mtandao mzima inastahili kufuatwa, lakini matokeo yake ni ushahidi wa fikra za walioandika, na mkulima wa enzi hiyo hayumo.