Nondo wa Milimita Tatu

Ukipanda matatu Kitale kwenda Bungoma kupitia Kiminini na Kamukuywa, unateremka kutoka mwinuko wa karibu mita 1,900 hadi mita 1,400 hivi, Mlima Elgon ukiwa upande wako wa kulia sehemu kubwa ya safari. Abiria wengi huona mahindi, halafu nyanya na sukuma wiki sokoni, halafu miwa. Anayewajua nondo huona zaidi ya hayo. Katika mahindi ya Trans Nzoia anajua yumo Busseola fusca, ambaye kiwavi wake hutoboa bua na kula kiini chake. Kwenye miwa ya Nzoia yumo Eldana saccharina. Kwenye sukuma wiki ya kila boma yumo Plutella xylostella. Kila mmoja ana jina lake, na majina hayo hayakushuka kutoka mbinguni: kuna mtu aliyeketi, akatazama, akalinganisha, akaamua. Kazi ya mtu huyo ndiyo ninayotaka kuisifu hapa. Ni miongoni mwa kazi bora za mikono ninazozijua, na huku kwetu magharibi mwa Kenya haijapewa heshima yake.

Nasema kazi ya mikono kwa makusudi. Wengi hudhani kumtambua mdudu ni kukariri Kilatini. Kilatini huja mwisho. Mwanzo ni taa na ukuta. Mvua za Aprili zikishaanza, washa taa ya nje, au tundika shuka jeupe nyuma ya nyumba ulimulike, kisha subiri hadi saa mbili usiku. Wale wakubwa watakuja kwa kishindo, wakijigonga huku na huku, waache. Watazame wale ambao ungewapangusa ukidhani ni vumbi. Huyu aliyekaa kwa umbo la herufi T, mabawa yake membamba yakiwa yamechanika vipande vipande, ni wa familia ya Pterophoridae. Yule aliyeinua kifua juu kwa miguu ya mbele, ncha ya mabawa ikigusa ukuta, anafuata desturi ya Gracillariidae, ambao viwavi wao wengi huishi ndani ya jani. Aliyejifunika mabawa hadi akawa na umbo la kengele huenda ni wa Tortricidae. Na yule mwembamba wa kijivu, papasi zikiwa zimeelekezwa mbele moja kwa moja na mgongoni akiwa na msururu wa almasi hafifu pale mabawa yanapokutana, huyo ni Plutella, na pengine ametoka kwenye bustani yako mwenyewe. Hujagusa kitu bado, na tayari mkao peke yake umekuonyesha familia ilipo. Kujua huku hakupatikani kitabuni. Hupatikana kwa kusimama mbele ya ukuta ule ule, msimu baada ya msimu.

Kisha mikono huanza kazi. Nondo wa milimita tatu hashikwi kwa vidole, kwa kuwa magamba ya mabawa yakifutika, ushahidi nao umefutika. Hunaswa mmoja mmoja katika vichupa, huuawa kwa mvuke wa dawa, na hutandazwa kabla mwili haujakauka. Pini za kawaida zingempasua, kwa hiyo hutumika visindano vya chuma visivyo na kichwa, vinavyokaribia wembamba wa unywele. Wapo mafundi wanaoyafungua mabawa kwa kupuliza pumzi taratibu kutoka nyuma. Halafu huja lebo: mahali, mwinuko, tarehe, jina la aliyemkusanya, na iwapo alifugwa tangu akiwa kiwavi, mmea aliokula. Nondo mzuri asiye na lebo ni pambo tu. Nondo aliyechakaa mwenye lebo kamili ni ushahidi, na utaendelea kuwa ushahidi miaka mia moja baadaye.

Hilo la mmea ndilo ninalotaka tulikalie kitako, na mfano mzuri uko kwenye kahawa ya mitelemko ya Elgon, pande za Kimilili, Chwele na Chesikaki. Chuma jani lenye baka la kahawia lililokauka. Ukilikunja baka hilo, ngozi ya juu ya jani hupasuka, na chini yake unakuta uwazi mwembamba wenye kinyesi cheusi na viwavi wadogo weupe, bapa, waliokuwa wakila nyama ya jani katikati ya ngozi zake mbili. Kiwavi akikomaa hutoka, hutafuta upande wa chini wa jani au jani lililoanguka, na kujifumia utando mweupe wenye umbo la herufi H. Chini ya utando huo hugeuka, kisha hutoka nondo mweupe wa fedha, mwenye urefu wa milimita tatu hivi. Shina la kila papasi limetanuka na kufunika sehemu ya jicho. Ni mdudu mzuri kupita kiasi kwa mtu mwenye lenzi.

Kwa muda mrefu nondo huyu wa kahawa ya Afrika Mashariki aliitwa Leucoptera coffeella, jina la mdudu wa kahawa wa bara la Amerika. Ilikuwa dhana ya kawaida: kahawa ni kahawa, nondo ni mweupe, basi ni yule yule. Mwaka 1940 dhana hiyo ilianguka. Waliotazama kwa makini walikuta kwamba hapa kwetu kuna spishi nyingine, tena si moja, bali mbili: Leucoptera meyricki na Leucoptera caffeina. Ukiwaweka wawili hao mezani kwa macho matupu, ni pacha. Lakini nenda shambani, ugeuze majani. Caffeina hutaga mayai yake kwa safu nadhifu kando ya mshipa mkuu, yakigusana, meyricki huyatawanya. Meyricki hustawi zaidi kwenye kahawa iliyo juani, caffeina kwenye kahawa iliyo kivulini. Mkulima anayeamua kupanda au kukata miti ya kivuli anaamua pia ni nani atakayekaa katika majani yake. Mwenye mabawa peke yake hawezi kuyajua hayo. Lazima awe na jani.

Edward Meyrick, ambaye jina lake limebebwa na nondo huyo wa kahawa, alikuwa mwalimu wa shule huko Marlborough, Uingereza. Alizaliwa mwaka 1854 na kufa mwaka 1938, na katikati ya hapo alitoa majina kwa maelfu ya spishi za nondo wadogo, Waafrika wengi wakiwamo, kutokana na vielelezo alivyotumiwa kutoka pembe zote za dunia. Alitegemea lenzi yake na jicho lake. Mwaka 1917 alimpa jina nondo mmoja wa kijivu kutoka Peru, Phthorimaea absoluta. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumjali. Karibu karne moja baadaye, akiwa ameshavuka hadi Uhispania mwaka 2006 na kushuka barani Afrika, mdudu huyo aliingia kwenye nyanya za Kenya, na leo wakulima wa Bungoma wanamwita tuta bila kuhitaji maelezo, kwa kuwa wataalamu walikuwa wamemhamishia jenasi ya Tuta. Mwaka 2021 alirudishwa kwenye Phthorimaea. Katika desturi ya kazi hii, spishi ikihamishwa kutoka jenasi yake ya kwanza, jina la aliyeiandika huwekwa kwenye mabano. Ikirudi, mabano huondoka. Kwa hiyo yule mwalimu wa Marlborough ametoka tena kwenye mabano zaidi ya miaka mia moja baada ya kuandika. Navutiwa sana na uaminifu wa namna hiyo, wa kumbukumbu inayohifadhi hata safari ya jina.

Jirani wa tuta katika jenasi hiyo hiyo ni Phthorimaea operculella, nondo wa viazi. Wote ni wa kijivu, wote wana madoadoa, wote hupenda mimea ya jamii moja, kwa kuwa nyanya na viazi ni ndugu. Wakichakaa kidogo kwenye mtego, mabawa hayasemi tena lolote la kuaminika. Hapo fundi huuvunja mkia wa tumbo, huupasha moto katika maji ya potasiamu haidroksaidi hadi nyama iyeyuke na kubaki sehemu ngumu, huusafisha kwa brashi nyembamba chini ya hadubini, na kuvitenganisha viungo vya uzazi. Kila spishi ina umbo lake la ndoano, bamba na mwiba, na maumbo hayo hutofautiana hata pale ambapo mabawa yanafanana kabisa. Meyrick hakuipenda njia hii. Waliomfuata walilazimika kuvirudia vielelezo vyake kimoja baada ya kingine, na Mmarekani J. F. Gates Clarke alichapisha orodha ya vielelezo hivyo, yenye picha za viungo hivyo, katika mabuku manane kati ya mwaka 1955 na 1970. Siku hizi kuna pia kusoma kipande kifupi cha DNA, nacho ni msaada mkubwa. Lakini herufi za DNA zinahitaji jina la kulinganishwa nalo, na jina hilo aliliweka mtu mwenye sindano na hadubini.

Wapo wanaouliza kama yote haya yana faida kwa mtu mwenye ekari mbili za mahindi. Jibu limebeba jina la Kitale lenyewe. Viwavi wa mabua, yaani bungua, hushambuliwa na nyigu mdogo wa asili anayeitwa Cotesia sesamiae, ambaye hutaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi. Watafiti walipowachukua nyigu wa Kitale na wale wa Mombasa, waliofanana kwa umbo, na kuwapa wote viwavi wa Busseola fusca, watoto wa nyigu wa Kitale walikua vizuri, ilhali mayai ya wale wa Mombasa yalizingirwa na chembe za damu ya kiwavi na kufa. Katika nyanda za pwani bungua anayetawala ni mwingine, Chilo partellus, mgeni kutoka Asia. Nyigu wa Kitale amezoeana na bungua wa Kitale. Kama nondo hao wa mabua wangeendelea kuwekwa kwenye kapu moja, nani angejua ni nyigu yupi apelekwe wapi? Hata ile imani ya zamani kwamba Busseola fusca amejaa kwenye nyasi za porini ililegea pale watafiti walipopasua mashina ya nyasi hizo, wakawafuga viwavi hadi wakawa nondo, na kukuta mara nyingi ni spishi nyingine za jamaa yake.

Mwaka 2017 viwavijeshi kutoka Amerika, Spodoptera frugiperda, walipoingia katika mahindi yetu, wakulima wengi waliwadhania ni viwavijeshi wa kawaida ambao huja kwa makundi na kupita. Hawa hawapiti, hukaa ndani ya koo la mhindi. Aliyeelekezwa kutazama alama ya Y iliyogeuzwa usoni, na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia, alijua siku ile ile kwamba anapambana na mgeni.

Kitale ina haki ya kujivunia kazi hii. Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekusanya wadudu maisha yake yote, alianzisha jumba lake la makumbusho Trans Nzoia mwaka 1926. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma makusanyo yake pamoja na fedha za kujengea jengo jipya, na Desemba 1974 likafunguliwa kama Makumbusho ya Taifa ya Magharibi mwa Kenya, ya kwanza nje ya Nairobi na pwani. Mji wenye urithi kama huo, wenye kituo cha utafiti kilichotoa mbegu ya mahindi H611 mwaka 1964, na wenye mlima mzima wa misitu mlangoni, ungepaswa kuwa na vijana wanaoweza kuzitaja familia za nondo kwa mkao. Sina shaka wanaweza. Vielelezo vingi vya kwanza viko London, na hilo halitabadilika kesho. Lakini majani yenye mashimo, mayai yaliyopangwa kwenye mshipa, nyasi zilizotobolewa kando ya mto Nzoia, vyote viko huku, na nusu hiyo ya kazi haiwezi kufanywa na mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo, mwalimu wa sayansi wa Kiminini, afisa wa kilimo wa Sirisia, mwanafunzi wa Endebess uliyefunga shule: ukiona jani lenye baka au mchirizi mweupe, lichume. Litie ndani ya chupa safi yenye karatasi ya shashi, funika kwa kitambaa, na usubiri nondo atoke. Muue vizuri, mtandaze, umpeleke kwenye makumbusho hayo ya Kitale au kituo cha utafiti kilicho karibu nawe. Andika mahali na tarehe. Na usiache kuandika jina la mmea, hata kama unalijua kwa Kibukusu au Kisabaoti pekee.