Nasaba ya Mtuhumiwa na Nasaba ya Hakimu

Mwenye kutafuta wahenga wake aghalabu hutafuta na heshima pia. Kwa hiyo vitabu vya nasaba hujaa mashujaa na wacha Mungu, na ni nadra kukutana humo na mtu aliyetajwa kwa uchawi. Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada, alikwenda kinyume cha desturi hiyo. Katika tabaruku ya riwaya yake The Handmaid's Tale, iliyotolewa mwaka 1985, aliandika majina mawili, na la kwanza ni la Mary Webster, mwanamke aliyeshtakiwa uchawi katika koloni la Wapuritani la Massachusetts.

Mary alikuwa maskini wa mji wa Hadley. Mwaka 1683 alipelekwa Boston, akahukumiwa, akaonekana hana hatia. Lakini hukumu ya mahakama haikuwa hukumu ya majirani. Katika majira ya baridi ya 1684 kuamkia 1685, Philip Smith, mtu mkubwa wa mji ule, alishikwa na maradhi. Vijana wakamwendea yule mwanamke, wakamtundika hata akakaribia kufa, wakamshusha na kumfukia katika theluji. Smith alikufa, Mary akaishi hadi mwaka 1696.

Je, huyu ni mhenga wa Atwood kweli? Mwandishi mwenyewe amesimulia kwamba bibi yake, aliyezaliwa katika ukoo wa Webster, siku moja alikiri udugu huo na siku nyingine akaukana. Mwanachuoni wa nasaba hawezi kujenga juu ya ushahidi wa namna hii. Lakini mhakiki ana swali jingine: jina hilo lafanya kazi gani katika kitabu?

Kazi yake ni kubwa. Dola ya Gileadi imewekwa Cambridge, katika Massachusetts ile ile, na maiti za waliohukumiwa hutundikwa juu ya ukuta ili wapitao wazione. Msomaji aliyepita katika tabaruku hawezi kuudhani ukuta huo kuwa ndoto tupu ya siku zijazo. Ajua kwamba kamba ilikwisha fungwa katika nchi ile. Na jina la pili ni la Perry Miller, mwanachuoni wa Harvard aliyemfundisha Atwood na kuyaeleza mawazo ya Wapuritani kwa kina. Jina moja ni la aliyetundikwa. Jingine ni la aliyejitahidi kuzifahamu akili za waliotundika. Lau la pili lingekosekana, la kwanza lingekuwa kisasi tu.

Upungufu waonekana katika shairi la Half-Hanged Mary, lililotoka katika diwani ya mwaka 1995. Humo Mary husema mwenyewe, saa baada ya saa, akiwa kitanzini. Shairi lina nguvu, na saa zilizohesabiwa humfanya msomaji auone urefu wa usiku ule. Hata hivyo sauti isikikayo ni ya mwanamke wa karne ya 20, mwerevu na mwenye kejeli. Habari za Hadley zimefika kwa vinywa vya wengine, miongoni mwao Cotton Mather, aliyeyaandika maradhi ya Smith ili kuthibitisha kuwa uchawi upo. Kumpa Mary ulimi ni ukarimu. Lakini ulimi wa kuazima waweza kumficha mwenyewe.

Inafaa kumlinganisha Atwood na Nathaniel Hawthorne, aliyezaliwa Salem mwaka 1804. Yeye alikuwa kilembwe wa John Hathorne, mmoja wa mahakimu waliowahoji washtakiwa wa Salem mwaka 1692, mwaka ambao watu 19 walinyongwa. Katika utangulizi wa The Scarlet Letter, mwaka 1850, aliibeba aibu ya wahenga wake na kuomba laana yao iondolewe. Udugu wake haukuwa na shaka, wala hakuuchagua.

Hapo ndipo ulipo mtihani wa kila mwenye kufuata nasaba ya namna hii. Kudai damu ya mtuhumiwa ni rahisi, kwa kuwa aliyedhulumiwa humwachia mjukuu wake sifa bila deni. Damu ya hakimu hudai malipo. Waliomtundika Mary nao yamkini walizaa, na wajukuu wao wasoma riwaya ile ile. Atwood alisalimika na majivuno kwa kuwa hakuandika jina la Mary peke yake. Nasaba aliyoitaja bibi kwa kusitasita haikupata hati katika riwaya, bali ilipata maana. Na maana hiyo yasimama hata kama siku moja hati zitaukana udugu wenyewe.