Orodha na Sentensi: Uhakiki wa Vijitabu vya Msamiati wa Kiingereza Mitaani Kariakoo

Ikisiri
Makala haya yanahakiki vijitabu vya kujifunzia msamiati wa juu wa Kiingereza vinavyouzwa kwa wapita njia Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam. Yanadai kwamba udhaifu wa vijitabu hivi hautokani na hamu ya wanunuzi kukijua Kiingereza, bali na umbo la orodha linalolitenga neno na sentensi yake. Yanadai pia kwamba Kiswahili cha ufafanuzi ndicho kinachoathirika kwanza.

1.0 Utangulizi
Uhakiki wetu umezoea kuyapita maandishi madogo yasiyo na hadhi ya fasihi. Hata hivyo, kijitabu cha msamiati ni matini kamili: kina mtunzi, kina msomaji anayelengwa, na kina mtazamo fulani kuhusu lugha. Umbo lake la kawaida linafahamika: neno la Kiingereza, kisawe chake cha Kiswahili na, pengine, sentensi moja ya mfano.

Msomaji wa matini hii ameandaliwa na historia. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza hukuta karibu masomo yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilikibakiza Kiingereza palepale. Pengo hilo ndilo soko la vijitabu tunavyovijadili.

Kuna wanaoviona vijitabu hivi kuwa kasumba ya kikoloni, na kuna wanaovisifu kuwa juhudi ya wanyonge kujielimisha. Pande zote mbili zinamhukumu mnunuzi. Makala haya yanaihukumu matini. Sentensi za mfano zinazofuata zimeundwa na mwandishi kwa ajili ya hoja.

2.0 Kisawe Kisicho na Sentensi
Tuanze na sentensi ya dukani: “Mnunuzi aliilalamikia bei.” Kitenzi “lalamikia” kimebeba mnyambuliko wa kutendea, na kwa hiyo kinapokea yambwa bila kuhitaji kihusishi. Kiingereza hakina mnyambuliko huo. Kitenzi “complain” hudai kihusishi “about”, ilhali “lament” hupokea yambwa moja kwa moja. Orodha inayoviweka vitenzi hivi viwili chini ya kisawe kimoja, “lalamika”, inamwachia mwanafunzi njia mbili za kupotea. Akiandika “The customer complained the price”, amekosea sarufi, na mwalimu ataliona kosa. Akiandika “The customer lamented the price”, sarufi imesimama, lakini mnunuzi wa vitenge amegeuzwa mfiwa aliyeketi matangani. Kosa hili la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu ni la rejesta na halionekani kwa urahisi. Mwanafunzi ataendelea kuamini kwamba amepanda daraja.

Mfano wa pili ni kivumishi “reluctant”. Kiswahili kina vivumishi vichache vya asili, na hali nyingi ambazo Kiingereza huzieleza kwa kivumishi, chenyewe huzieleza kwa kitenzi. Tunasema “Muuzaji alisita kupunguza bei”. Lakini kijitabu kinachotaka kivumishi kijibiwe kwa kivumishi hulazimika kuunda “-enye kusita”. Hakuna muuzaji Mtaa wa Kongo anayezungumza hivyo. Hapa ndipo hasara ya Kiswahili inapoanza: kinakunjwa ili kilingane na safu ya jirani yake, na msomaji anafundishwa bila kujua kwamba lugha yake haina usemi wa kawaida kwa jambo analolisema kila siku.

Mfano wa tatu unageuza mwelekeo. Mfanyabiashara wa Kariakoo akisema “Mzigo umeingia”, anamaanisha kwamba bidhaa mpya zimewasili. Akitafuta “mzigo” katika orodha ya visawe atapata “load” au “burden”, na barua yake kwa mteja wa nje itamwarifu kwamba mashaka yameingia dukani. Maarifa ya biashara yamo katika sentensi ya Kiswahili aliyokuwa nayo tayari. Kijitabu kilichopangwa kwa alfabeti ya Kiingereza hakina njia ya kuifikia sentensi hiyo.

Inaweza kujibiwa kwamba kamusi nazo zina mpangilio huohuo. Ni kweli, lakini Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (1996) humsaidia kwanza anayesoma Kiingereza na kukwama. Kijitabu kinamwahidi mnunuzi kwamba atasema na kuandika. Ahadi hiyo haitimizwi kwa nyenzo ya kusomea.

3.0 Maneno Yaliyopata Maisha
Eneo lenyewe linatoa fundisho tofauti. Jina “Kariakoo” limetokana na “Carrier Corps”, kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Waliolipokea hawakulipokea kutoka kwenye orodha. Walilisikia katika amri na mazungumzo, wakalipa silabi za Kiswahili, wakalitumia hadi likawa lao.

Fundisho zito zaidi limo katika tafsiri. Mwaka 1969 Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, kwa jina Mabepari wa Venisi. Mhakiki wa visawe atauliza mara moja kwa nini umoja umekuwa wingi, na kwa nini “mfanyabiashara” hakutumika. Lakini “bepari” ni neno lenye asili ya Kihindi ambako humaanisha mfanyabiashara. Maana ya mwenye mtaji anayenyonya wengine ilikuja kutawala baadaye. Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, neno hilo lilibeba maana zote mbili, na wingi wake ulihamisha macho kutoka kwa mtu mmoja hadi tabaka. Tunaweza kubishana na uteuzi huo; mwandishi wa makala haya anaona kwamba unampunguza Antonio, ambaye katika tamthilia hukopesha bila riba. Hata hivyo, ubishi wenyewe unawezekana kwa sababu mfasiri alilipima neno ndani ya kazi nzima. Orodha haibishaniwi, hukaririwa tu.

4.0 Hitimisho
Mnunuzi wa kijitabu hajakosea kutaka Kiingereza cha juu. Mtihani, usaili na mteja wa nje vinamdai. Aliyekosea ni mtunzi aliyemuuzia maneno bila mazingira yake. Kijitabu bora kingeanza na sentensi za Kiswahili ambazo msomaji anazitumia, kionyeshe kila moja inavyojengwa upya katika Kiingereza, kitaje kihusishi kinachodaiwa, na kiseme neno linafaa kwa nani na wapi. Kazi hiyo inahitaji mtu anayeijua vizuri minyambuliko na rejesta za Kiswahili. Kwa maneno mengine, inawahitaji wasomaji wa jarida hili, ambao hadi sasa tumewaachia wachapishaji wa mitaani.