Kijana na Ujira katika Riwaya ya Kiswahili

Katika lugha yetu maneno yahusuyo malipo ya kazi ni mengi, na kila moja lina historia yake. Neno mshahara tumelipata katika Kiarabu, na ndani yake mna neno lenye maana ya mwezi. Kibarua ni barua ndogo: hapo kale mfanyakazi wa kutwa alipewa cheti kilichohesabu siku zake, na jina la cheti likawa jina la kazi na la mtu pia. Mwenye mshahara, basi, ni mtu aliyeahidiwa mwezi mzima. Kibarua ameahidiwa siku. Tofauti hii yapita tofauti ya fedha, maana mtu huoa, hujenga nyumba na husomesha mtoto kwa kutegemea siku zijazo. Asiyezijua siku zijazo hana la kutegemeza juu yake hata kama leo mfukoni mna noti mbili tatu. Katika makala haya nakusudia kuuliza swali moja: riwaya ya Kiswahili, ambayo imesema mengi na mazuri juu ya kazi, imemwonaje kijana asiyeahidiwa mwezi wala siku?

Yafaa swali hili liulizwe mahali penye jina, nami nachagua Nsemulwa. Nsemulwa ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Mpanda ni mji uliokuzwa na mshahara. Palikuwa na mgodi wa madini ya risasi, na kwa ajili ya mgodi huo ilijengwa reli kutoka Kaliua, ikafika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ukafungwa mwaka 1960. Reli ikabaki, watu nao wakabaki, wakashika mahindi, mpunga, tumbaku na biashara ndogo. Katika sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao Katavi ilifanywa kuwa mkoa, walihesabiwa watu 564,604. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 1,152,958. Idadi imezidi mara mbili katika miaka kumi, na walio wengi katika hao ni watoto na vijana. Mji ulioanza kwa kuwalipa watu kila mwezi sasa umejaa watu ambao wengi wao hawajapata kulipwa hivyo hata mara moja.

Kijana wa Nsemulwa hufanya kazi. Hili lisemwe mapema, kwa sababu wako wadhanio kwamba shida yake ni uvivu. Alfajiri yuko barabarani na pikipiki, au yuko njiani kwenda kulima shamba la mwingine, au amekwenda katika machimbo ya dhahabu yaliyo katika wilaya za jirani. Mwenye shahada ya ualimu huenda yu darasani akijitolea, akilipwa kidogo kilichochangwa na wazazi, huku akingoja jina lake litoke katika ajira za serikali. Kazi ipo. Kisichokuwapo ni malipo yanayoweza kutabiriwa, na ngazi ambayo kazi ya leo ingekuwa daraja lake la kwanza.

Sasa na tuwatazame waandishi. Wa kwanza ni Shaaban Robert, na kitabu chake ni Utubora Mkulima, kilichochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya kufa kwake. Utubora ana kazi nzuri mjini kwa tajiri wake Ahadi. Aiacha kwa hiari, aenda Busutamu kulima, na huko apata utulivu ambao mji haukumpa. Tangu siku hizo habari ya Utubora imekuwa kama hati ya ushauri kwa vijana: rudini shamba. Lakini tukisoma kwa makini twaona kwamba Utubora aweza kuuacha mshahara kwa sababu anao. Uzuri wa kitendo chake u katika kuacha. Mwandishi mwenyewe alikuwa karani wa serikali tangu mwaka 1926, akajua uzito wa mshahara na uzito wa minyororo yake. Alipoandika juu ya mtu anayejitoa katika minyororo hiyo, aliandika juu ya jambo alilolijua vyema. Mtu asiyekuwa na mshahara hawezi kuuacha. Tukimpa kijana wa Nsemulwa kitabu hiki kiwe ushauri, twamtaka ajinyime kitu asichokuwa nacho, kisha tumsifu kwa kujinyima. Tena kijana huyu yuko shamba tayari. Mkoa wake ni wa wakulima, na wazazi wake ni wakulima, naye anajua kwamba mwenye shamba la kukodi, asiye na ghala wala njia ya kungojea bei ipande, huuza mahindi wakati kila mtu anauza.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi. Katika Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974, Kazimoto ni mwanachuo wa Chuo Kikuu, na mwisho wake ni kujiua. Wahakiki wengi wamesema, na wamesema kweli, kwamba riwaya hii inahusu kupotea kwa maana ya maisha. Lakini yapasa tuone jambo ambalo wakati ule halikuhitaji kutajwa: Kazimoto hana shaka kwamba elimu yake italipwa. Ili msomaji wa leo alielewe jambo hili, na akumbuke mwezi wa Oktoba mwaka 1966. Wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mojawapo ya manung'uniko yao ilikuwa kwamba mshahara wao ungekatwa kwa muda wa utumishi huo. Rais Nyerere aliwakasirikia, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Ugomvi ule ulikuwa mkali, lakini pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: mshahara ungekuwapo. Walibishana juu ya ukubwa wake tu.

Tulinganishe na wakati wetu. Mwezi wa Juni mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walikusanywa katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za kazi katika Idara ya Uhamiaji. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakafika 135,027. Maana yake ni kwamba kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 80. Uchungu wa Kazimoto ulikuwa uchungu wa mtu aliyefika akaona kwamba mahali alipofika ni patupu. Kijana wa leo ana uchungu wa kutofika, na uchungu huo haujapata Kichwamaji yake.

Wa tatu ni Adam Shafi, ambaye kwa maoni yangu amemkaribia kijana huyu kuliko wenzake. Riwaya yake Kuli ya mwaka 1979 yasimulia maisha ya Rashidi, mtoto wa mchukuzi wa bandarini Unguja. Baba yake, Majaliwa, afa kazini. Mtoto akua katika umaskini, naye aingia bandarini kubeba mizigo iliyomuua mzazi wake. Mwisho wa safari yake ni mgomo mkuu wa mwaka 1948, ambao ni jambo lililotokea kweli katika historia ya Unguja. Hapa ujira mdogo umeonyeshwa kwa mwili wote: jasho, mgongo, njaa, kisha umoja. Na kinachouwezesha umoja huo ni mpango wenyewe wa kazi. Makuli wako mahali pamoja, saa moja, chini ya mwajiri mmoja. Wakikunja mikono, meli hazipakuliwi. Mgomo wahitaji lango ambalo watu wote waweza kusimama mbele yake.

Pikipiki haina lango. Na tuufikirie mkataba wa bodaboda, kwa kuwa ndio shule ya ujira kwa vijana wengi wa Mpanda na wa miji mingine yetu. Tajiri hununua pikipiki, humkabidhi kijana, na kijana humletea kiasi maalumu cha fedha kila siku. Kiasi hicho huitwa hesabu. Baada ya mwaka au zaidi, akiwa amekamilisha hesabu zote, pikipiki huwa yake. Akichelewa mara kadhaa, hunyang'anywa, na aliyokwisha kulipa hayarudi. Tufanye mfano kwamba hesabu ni shilingi 10,000. Kwa siku 30 ni shilingi 300,000. Kiasi hicho ndicho kilichokuwa kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali hadi katikati ya mwaka 2022, kilipopandishwa kufika 370,000, kabla ya kufika 500,000 mwezi wa Julai 2025. Kijana katika mfano wetu, kabla hajanunua petroli wala hajala, amekwisha kumlipa mwingine mshahara wa mwezi. Ni mtu alipaye mshahara bila kuupokea. Je, tumwite mwajiriwa? Hana mwajiri anayekubali jina hilo. Tumwite amejiajiri? Chombo si chake. Agome dhidi ya nani? Akiiegesha pikipiki kutwa, hakuna meli inayokwama. Hesabu ndiyo inayomngoja jioni.

Machimboni ni vivyo hivyo. Mchimbaji aingiaye katika duara hapokei malipo ya saa zake. Hungoja mgao wa viroba vya mawe, kisha hungoja karasha iseme kama mna dhahabu ndani yake. Aweza kufanya kazi miezi miwili akatoka na vumbi, na aweza kupata kwa siku moja kinachozidi mshahara wa mwalimu. Huku ndiko kuishi kusiko na kalenda. Riwaya ya Shafi yafundisha kwamba ujira mdogo huleta fahamu na fahamu huleta umoja. Lakini mahali ambapo kila mtu angojea mgao wake mwenyewe, kila mtu hufundishwa kuomba bahati yake mwenyewe.

Upungufu huu wa fasihi wazaa upungufu katika mazungumzo. Tusipokuwa na kisa kinachomfaa kijana huyu, twamtupia methali. Twamwambia kwamba mchagua jembe si mkulima, naye hajapewa majembe mawili achague. Twamwambia kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini methali hii ni ya watu wa pwani, ambao bahari huwarudishia kitu kila maji yapwapo. Hekima yake haiko katika kugaagaa peke yake, iko katika upwa wenye samaki. Methali zetu ni kweli, ila kila moja ina mahali pake, na mwenye kuitumia nje ya mahali pake huigeuza kuwa tusi. Vivyo hivyo neno kujiajiri. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vijana. Msaada huu wafaa na umeinua wengine. Lakini neno lenyewe laficha swali. Ajira ni mapatano ya watu wawili. Mtu anapoambiwa ajiajiri, huambiwa awe pande zote mbili za mapatano, ajidai mwenyewe na ajilipe mwenyewe, na akishindwa ajilaumu mwenyewe.

Huenda msomaji akapinga kwamba fasihi si ofisi ya kazi, na kwamba mwandishi hana deni la kueleza bei ya petroli. Pingamizi hili lina nguvu, kwa kuwa tumekwisha kuona riwaya zilizokufa kwa sababu zilikuwa hotuba. Lakini sidai hotuba. Shaaban Robert hakuandika sera ya kilimo. Aliandika mtu mwenye kuacha. Shafi hakuandika hukumu ya mahakama ya kazi. Aliandika mtoto anayeurithi mzigo wa baba. Kila mmoja alipata tendo moja ambalo ndani yake wakati wake wote ulionekana. Ninachodai ni kwamba wakati wetu nao una tendo lake, nalo ni kungoja: kungoja mgao, kungoja abiria, kungoja jina katika orodha, kungoja kuoa hadi jambo fulani litengemae. Kungoja huku hakuna utulivu, kwa kuwa anayengoja anakimbia kutwa. Mwandishi atakayeweza kumwonyesha mtu anayekimbia na kungoja kwa pamoja atakuwa ametuonyesha kizazi kizima.

Ugumu wa sanaa upo hapo, nao si mdogo. Riwaya tulizozoea huenda mbele: mhusika huondoka, hupata, hupoteza, hufa au hushinda. Maisha ya hesabu hayaendi mbele. Kesho yake hudai kiasi kilekile cha leo. Pengine umbo litakalofaa si safari ya Utubora wala mgomo wa Rashidi. Pengine ni umbo la daftari lile ambalo kijana na tajiri huandikia hesabu za kila siku, ambalo kila ukurasa wafanana na uliotangulia, hadi siku moja tarakimu inakosekana na twalazimika kuuliza kilichotokea: mvua, ugonjwa wa mtoto, ajali, au faini. Wanafunzi wa fasihi waliotoka Mpanda, Sumbawanga, Kigoma na Tabora wayajua madaftari hayo kuliko walimu wao, na wengi wana ndugu ambao majina yao yameandikwa humo. Kazi hii ni yao kuianza.