Bao la Dakika ya Mwisho Haliponyi Ndoa: Uhakiki wa Fever Pitch

Kiswahili hutumia neno moja, mpenzi, kwa mtu unayetaka kuishi naye na kwa mtu anayeshabikia timu. Magazeti ya Dar es Salaam huandika "wapenzi wa Simba" na "wapenzi wa Yanga", na hakuna msomaji anayeshtuka. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili hapa Kampala na nimeolewa na mpenzi wa Arsenal, kwa hiyo neno hilo nalisoma kwa maana zote mbili. Nyumbani kwetu, mpenzi wangu ni mpenzi wa mwingine pia.

Insha hii inahakiki filamu ya Fever Pitch, iliyoongozwa na David Evans na kutolewa Uingereza mwaka 1997, pamoja na kitabu cha Nick Hornby cha mwaka 1992 ambacho kilizaa filamu hiyo. Swali langu ni moja: kazi hizi zinamwambia nini mtu anayeishi na mpenzi wa timu? Hoja yangu ni kwamba filamu inamruhusu mwanamke aulize swali zuri, kisha inaliacha lijibiwe na mguu wa mchezaji. Jibu la namna hiyo linapendeza kwenye skrini, lakini halimfai mtu aliyebaki sebuleni.

Kwa ufupi, Paul Ashworth, anayeigizwa na Colin Firth, ni mwalimu mjini London na shabiki wa Arsenal tangu utotoni. Sarah Hughes, anayeigizwa na Ruth Gemmell, ni mwalimu mgeni katika shule hiyohiyo. Wanapendana, Sarah anashika mimba, na ndipo linapojitokeza swali la nani atakuwa mtu mzima katika nyumba hiyo. Wanaachana. Yote haya yanatokea katika msimu wa 1988/89, ambao Arsenal walihitaji kuifunga Liverpool kwa tofauti ya mabao mawili, ugenini Anfield, katika mechi ya mwisho, ili kutwaa ligi waliyokuwa hawajaitwaa tangu 1971.

Nianze na fani, kwa sababu ndiko tofauti kubwa iliko. Kitabu cha Hornby si riwaya. Ni kumbukumbu za maisha yake, na sura zake zimepangwa kwa mechi: jina la timu hizi na zile, na tarehe. Mtu akitaka kujua mwandishi alikuwa na uhusiano gani mwaka fulani, lazima kwanza apite uwanjani. Muundo huo una maana yake. Unatuambia kwamba katika maisha ya shabiki kalenda imeshachapishwa kabla mwenzake hajafika. Harusi, mtihani na ugonjwa vyote vinatafutiwa nafasi kati ya mechi na mechi. Hornby hafichi jambo hilo. Anasimulia hata jinsi msichana wake alivyozirai kwenye mechi ya Cambridge United, naye akabaki akiangalia mpira huku wengine wakimshughulikia. Anajisema mwenyewe bila kujipaka mafuta, na hiyo ndiyo nguvu ya kitabu. Udhaifu wake ni kwamba wanawake wanapita humo kama abiria wa teksi: tunawaona wakipanda na kushuka, lakini hatuwasikii wakisema safari ilikuwaje.

Filamu inarekebisha kasoro hiyo. Sarah ana uso, ana kazi, ana ulimi. Haulizi "Unanipenda mimi au Arsenal?" Swali hilo ni jepesi, na kila shabiki ana jibu lake tayari. Sarah anataka kujua kama mtu huyu anaweza kubeba jambo ambalo halikupangwa na ratiba ya ligi. Mtoto hasubiri msimu uishe. Hapo mwandishi wa filamu, ambaye ni Hornby huyohuyo, amejihakiki upya kwa kinywa cha mwanamke, na amefanya vizuri kuliko alivyofanya kitabuni.

Kazi zote mbili pia zinaeleza vizuri chanzo cha mapenzi haya. Hornby alipelekwa Highbury na baba yake mara ya kwanza Septemba 1968, Arsenal ikicheza na Stoke City. Wazazi wake walikuwa wametengana, na baba na mtoto hawakuwa na mahali pa kukaa pamoja bila kuona aibu ya kukosa la kusema. Uwanja uliwapa mahali hapo. Filamu nayo inaturudisha kwa Paul mdogo na baba yake. Kwa hiyo timu iliyokuja kuvuruga uhusiano wa mtu mzima ilianza kama dawa ya ndoa iliyovunjika. Mwanamke anayeshindana na Arsenal anashindana na mtoto wa miaka kumi na moja aliyepewa baba yake kwa saa mbili kila Jumamosi. Ushindani huo hauwezi kumalizwa kwa kununa.

Sehemu hiyo ilinigusa kwa sababu ninayoijua. Mume wangu aliipenda Arsenal akiwa shule ya bweni, katika msimu wa 2003/04, ule ambao timu hiyo ilicheza mechi 38 za ligi bila kufungwa hata moja. Alikuwa akisikiliza matangazo ya redio pamoja na kaka yake. Kaka huyo alifariki. Arsenal ikifunga, mume wangu hugeuka kidogo kushoto kabla hajashangilia. Kwa muda mrefu nilikuwa nauona mgeuko huo. Filamu ndiyo iliyonifanya nimuulize, akaniambia.

Lakini kumwelewa mtu si sawa na kutatua tatizo lake, na hapa ndipo filamu inaponikatisha tamaa. Usiku wa Mei 26, 1989, Paul yumo nyumbani kwake akitazama mechi. Sarah anafunga safari kwenda kwake na kubonyeza kengele. Paul, bila kujua ni nani, anamfokea aliyeko mlangoni aondoke. Kisha, katika dakika za nyongeza, Michael Thomas anafunga bao la pili, Arsenal inatwaa ubingwa, mtaa mzima unamiminika nje, na wapenzi wawili wanakutana katikati ya shangwe. Hadithi inaishia hapo.

Tujiulize maswali ya kawaida ya uhakiki. Mgogoro ulikuwa nini? Kwamba Paul hawezi kuipa familia nafasi mbele ya mpira. Je, umetatuliwa? Katika saa ambayo Sarah alimhitaji afungue mlango, hakufungua. Kilichobadilika si tabia ya mhusika, ni matokeo ya mechi. Waswahili husema mvumilivu hula mbivu, na filamu imejengwa juu ya methali hiyo: mwanamke kavumilia, embe limeiva, limedondoka mikononi mwake dakika ya mwisho. Lakini embe hilo lilitingishwa na mtu asiyewajua. Thomas angepiga nje, Paul na Sarah wangekuwa wapi asubuhi ya Mei 27?

Sisi wa huku tunaweza kulijaribu swali hilo kwa kalenda. Kuanzia msimu wa 2004/05 hadi 2024/25, Arsenal haikutwaa ligi hata mara moja. Ni misimu 21. Mwaka 2023, 2024 na 2025 ilimaliza ya pili mara tatu mfululizo. Mwanamke aliyeolewa na shabiki wa Arsenal mjini Kampala katika kipindi hicho hakupata usiku wa Anfield hata mmoja. Kama filamu inasema kweli, ndoa hizo zote zilipaswa kufa. Hazikufa. Basi kuna jambo wanandoa hao wanalijua ambalo filamu hailijui.

Kwanza wanajua saa. Mechi inayoanza London saa tisa alasiri huanza kwetu saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi cha Ulaya, na saa kumi na mbili wakati wa baridi yao. Ile ya jioni ya kule inaangukia saa ya chakula cha usiku hapa. Wake wa Kampala hupika kwa majira ya London bila kufundishwa jiografia na mtu. Dada yangu alipotambulisha mchumba wake katika kwanjula, mume wangu alikuja, alivaa kanzu na koti kama inavyotakiwa, na alikaa na wakwe kwa adabu zote. Waya wa kusikilizia ulikuwa umepita ndani ya koti hadi sikioni. Shangazi yangu alidhani ana tatizo la masikio, akamwonea huruma.

Pili wanajua bei. Katika filamu pesa haionekani kama tatizo. Paul anakwenda uwanjani na maisha yanaendelea. Kwetu kuna kiingilio cha kibanda, nauli ya bodaboda usiku, jezi mpya, na juu ya yote kuna kubeti. Hapa ndipo ningependa wahakiki wenzangu tutofautishe mambo mawili ambayo kila siku huchanganywa. Mtu anayepoteza dakika tisini anaweza kudaiwa dakika hizo na akalipa Jumapili. Mtu anayeweka karo ya mtoto kwenye mkeka wa mechi saba hana cha kulipa Jumatatu. Wa kwanza ni mpenzi wa timu. Wa pili ana ugonjwa uliovaa jezi ya timu, na mke wake haambiwi avumilie, anatakiwa asaidiwe.

Tatu wanajua hofu. Filamu inagusa maafa ya Hillsborough ya Aprili 15, 1989, ambapo mashabiki wa Liverpool walibanwa hadi kufa, na Sarah anashindwa kuelewa mtu anawezaje kurudi uwanjani baada ya kuyaona hayo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika filamu, na msomaji wa Kampala haihitaji maelezo. Julai 11, 2010, watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kwenye uwanja wa raga wa Kyadondo na katika mgahawa wa Ethiopian Village walilipuliwa kwa mabomu, na zaidi ya 70 walikufa. Tangu hapo, simu isiyopokelewa usiku wa mechi kubwa si jambo dogo katika mji huu. Mke anayepiga mara tano hamchungi mumewe. Filamu ilikuwa na nafasi ya kukaa na hofu hiyo, lakini ikaiacha upesi ili iiwahi Anfield.

Wamarekani walipoichukua hadithi hii mwaka 2005 waliihamishia kwenye besiboli na timu ya Boston Red Sox, Jimmy Fallon akiwa Ben na Drew Barrymore akiwa Lindsey. Ni filamu ya kuchekesha zaidi, lakini ina tukio moja ambalo ile ya Uingereza haina. Ben anaiacha mechi moja ili aende na Lindsey kwenye sherehe, na wanafurahi sana. Kisha anapata habari kwamba timu yake imetoka nyuma kwa maajabu na kushinda. Furaha inageuka hasira, na anamlaumu Lindsey. Hapo tunaona kitu halisi: mwenzako anaweza kukupa usiku wake, halafu akakudai. Baadaye Ben anataka kuuza tiketi zake za msimu alizorithi kwa mjomba wake, na Lindsey anakimbia kukatiza uwanja mzima ili amzuie. Angalau hapa kila mmoja ameshika kitu cha thamani mkononi na kukubali kukitoa. Lakini historia iliwaingilia: Red Sox walitwaa ubingwa wa 2004, wa kwanza tangu 1918, na watengenezaji wakabadilisha mwisho wa filamu. Kwa mara nyingine kombe likaja kuwafungisha ndoa.

Mtu anaweza kunipinga kwamba filamu ya mapenzi lazima iishe kwa furaha, na kwamba namdai mwandishi kitabu ambacho hakuandika. Nakubali nusu. Furaha siikatai. Nakataa furaha isiyo na kazi ndani yake. Jirani yangu mmoja huuza chapati za mayai, zile tunazoziita rolex, nje ya kibanda anachoangalilia mumewe. Mume anaingiza kiingilio, mke anatoa chapati, na mwisho wa jioni pesa imerudi nyumbani ikiwa na nyongeza. Anaijua ratiba ya ligi kuliko wanaume waliomo ndani, ingawa hajui nani anacheza winga. Nyumbani kwetu tumebandika ukutani karatasi moja yenye mechi upande wa kushoto na karo, mitihani yangu na zamu za kumwogesha mtoto upande wa kulia. Pale zinapogongana, tunazungumza kabla ya siku yenyewe. Si suluhisho la kufanyiwa filamu. Lakini Arsenal ikifungwa, karatasi hiyo haianguki.

Nahitimisha kwa kusema kwamba Fever Pitch inastahili kutazamwa na kusomwa, hasa na wanaooana na mashabiki, kwa sababu inamwonyesha mtoto aliyejificha ndani ya jezi. Inapungukiwa mahali ambapo hadithi zetu zinaweza kuanzia. Katika vitabu tunavyosoma darasani ndoa imejaa: mahari, uke wenza, ugumba, pombe. Kibanda cha mpira bado sijakikuta humo, ingawa wahusika wetu wangekuwamo kila Jumamosi. Hadithi ninayoitaka inaanza baada ya kipenga cha mwisho, timu ikiwa imefungwa, mwanamume anatembea kurudi nyumbani, na mwanamke amesikia matokeo kwa jirani kabla yeye hajafika. Watakachosemezana mlangoni ndicho ningependa mmoja wetu akiandike.