Nyumba Isiyo na Kuta: Amri za Usafi Samoa na Riwaya za Albert Wendt

Katika mkataba wa Novemba 1899 baina ya Uingereza na Ujerumani, Uingereza iliyaacha madai yake juu ya visiwa vya Samoa. Miongoni mwa malipo yaliyoandikwa humo ni ahadi ya Ujerumani kwamba, pindi mataifa mengine nayo yatakapofanya hivyo, itaiacha haki ya raia wake walioko Zanzibar kuhukumiwa na mahakama zao wenyewe. Gavana wa kwanza wa Kijerumani kule Samoa, Wilhelm Solf, alikuwa ametumikia uhakimu kwa muda mfupi Dar es Salaam mwaka 1898. Kwa hiyo msomaji wa mwambao anayedhani kuwa Samoa ni habari ya mwisho wa dunia atalikuta jina la kisiwa chake ndani ya waraka ule ule uliowapangia Wasamoa mabwana. Mabwana hao nao walibadilika: Agosti 1914 majeshi ya New Zealand yaliitwaa sehemu ya Wajerumani, na nchi hiyo ikaitawala hadi uhuru wa mwaka 1962. Sehemu ya mashariki ilibaki kwa Wamarekani.

Yaliyofuata yameandikwa sana katika vitabu vya historia. Yaliyoandikwa kwa uchache ni jinsi utawala huo ulivyoisoma nyumba ya Msamoa, na jinsi fasihi ya Samoa ilivyoujibu usomaji huo.

Nyumba hiyo, fale, haina kuta. Ina jukwaa la mawe lililotandazwa changarawe, na juu ya jukwaa zimesimama nguzo zilizobeba paa la kuba au la duara dufu, lililoezekwa kwa majani ya miwa. Mbao zake zimekamatana kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, kazi ambayo aliyepata kusikia habari za mtepe hahitaji kuelezwa. Mvua ikija kwa ubavu huteremshwa mapazia ya makuti yaliyosukwa, na ikipita hukunjwa tena juu. Jiko liko mbali, nyuma, katika banda lake, ili moshi usiingie wanakolala watu. Mgeni apitaye haraka huona paa na uwazi, basi. Mwenyeji huona mpango mzima wa heshima, kwani kila nguzo ina mtu wake. Wakuu wa koo, matai, hukaa kwenye nguzo za ncha mbili kadiri ya vyeo vyao, na wasemaji wao hukaa upande wa mbele. Mtu aketiye pasipo pake amekwisha kusema neno zito kabla hajafumbua mdomo. Kuta hazipo kwa sababu kazi ya kutenga watu imekwisha kufanywa na adabu.

Jenerali George Richardson, aliyekuwa mtawala kuanzia 1923 hadi 1928 na aliyejiona mlezi wa Wasamoa, aliukuta uwazi huo akaona upungufu. Chini yake amri zilishuka vijijini kama mvua ya masika: vyoo vijengwe, nguruwe watiwe uani, uwanja wa kijiji na njia zifagiliwe, maji yalindwe, nyumba zipangwe kwa mistari katika vijiji vya mfano, na kila mtu akusanye idadi yake ya wadudu wanaotoboa vilele vya minazi. Hata kugawiana mikeka laini katika harusi na mazishi kulipigwa marufuku kwa kuhesabiwa ubadhirifu. Zisomwe amri hizo kama mhakiki asomavyo utungo. Kwanza, zote zimo katika kauli ya kuamrisha, wala hakuna hata moja inayouliza. Pili, katika maneno yake nyumba ni chombo: kinaweza kuwa safi au kichafu, kimenyooka au kimepinda, lakini hakina mtu. Choo, mkeka wa harusi na mdudu wa mnazi vimepewa uzito mmoja na sauti moja. Huo ndio udhaifu wa utungo wenyewe, wala si ukali wake tu. Mtunzi wake hakujua kipi ni kina na kipi ni kituo.

Insafu yataka isemwe kwamba maradhi yalikuwapo. Buba iliwala watoto, safura na matende vilikuwa vya kawaida, na vifo vya watoto wachanga vilikuwa vingi. Sindano za buba zilipokuja, watu walizipokea kwa hamu. Asiyekubali hilo ataigeuza Samoa ya zamani kuwa pepo, na fasihi nzuri ya Samoa haijapata kufanya hivyo. Lakini amri ya afya huhitaji mwenye kuitoa aaminiwe, na utawala ule ulikuwa umekwisha kuivunja imani. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland, ilifunga gati Apia ikiwa na wagonjwa wa homa ya mafua, na haikuwekwa karantini. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 8,500, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Kwenye visiwa jirani vya Wamarekani, ambako Gavana John Poyer aliifunga bandari, hakufa mtu kwa maradhi hayo. Samoa ni nchi ambako mzee huzikwa mbele ya nyumba yake, karibu na nguzo aliyokuwa akiiegemea. Mwezi ule maiti walishushwa katika makaburi ya pamoja. Waliobaki ndio wale ambao, miaka mitano baadaye, walifundishwa na serikali ile ile namna ya kufagia.

Hapo ndipo harakati ya Mau ilipopata nguvu, kuanzia 1926 na 1927. Ilikuwa na sababu nyingi, zikiwemo za biashara na za vyeo. Sheria ya mwaka 1922 ilimruhusu mtawala kumfukuza mtu kijijini kwake na kumvua jina la ukoo, yaani kuiacha nguzo wazi kwa kalamu. Upinzani wa Mau ulikuwa wa kukaa kimya: kamati za serikali hazikukutana, wadudu hawakukusanywa, vizazi na vifo havikuandikishwa. Tarehe 28 Desemba 1929 askari polisi waliupiga risasi msafara wa Mau mjini Apia, na Tupua Tamasese Lealofi wa Tatu akafa kwa majeraha yake.

Albert Wendt, aliyezaliwa Apia mwaka 1939, aliyajua haya kwa njia ambayo waandishi wachache hujua mada zao: tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1965 ilihusu chanzo cha Mau. Baadhi ya wahakiki hukimbilia kumwita mtetezi wa fale dhidi ya nyumba ya kizungu. Usomaji huo ni mwepesi. Katika Leaves of the Banyan Tree (1979), anayejenga nyumba ya kizungu si mtawala bali ni Tauilopepe, matai wa kijiji cha Sapepe, mtu wa shamba kubwa na tamaa kubwa zaidi. Hakuna amri iliyomlazimisha. Mstari ulionyooka umehamia ndani yake, na kuta anazozisimamisha ni za kuwatenga jamaa zake na mali yake. Wendt aliiona hatua ambayo mwanahistoria huiruka: sheria ya mgeni hufa siku mgeni aondokapo, ila kama mwenyeji ameanza kuiota.

Mwanawe, Pepe, ndiye jibu la baba huyo. Sehemu ya katikati ya riwaya ni maandishi yake mwenyewe, anayoyaandika hospitalini akifa kwa kifua kikuu. Wendt angeweza kumwua kijana huyo kwa njia nyingi. Amemwua kwa maradhi ambayo amri za usafi zilidai kuyazuia, katika jengo ambalo ndilo mfano wa usafi huo, lenye kuta nne. Na katika chumba hicho ndimo Pepe anapopata sauti ya kusema kwa nafsi ya kwanza. Jambo hili linakera kidogo, na ni vizuri likere: bila ukuta huenda kitabu chake kisingeandikwa.

Katika Pouliuli (1977) mbinu imegeuzwa. Mzee Faleasa Osovae, mwenye miaka 76, anaamka asubuhi moja akiwa na kichefuchefu kwa kuwaona watu wake mwenyewe, anatapika, kisha anaamua kujifanya mwendawazimu ili awe huru. Uchafu ambao Richardson alitaka uondolewe fale umerudishwa humo na mkuu wa nyumba kwa hiari yake. Na kwa kuwa nyumba haina kuta, wazimu wake hauwezi kuwa wa siri. Ni lazima uchezwe kila saa mbele ya kijiji kizima. Kurasa za mwanzo za riwaya hii ni katika zilizo bora alizoandika Wendt, kwa sababu ndani yake usanifu wa nyumba unafanya kazi ya usimulizi bila mwandishi kuutaja.

Pamoja na sifa hizo lipo pengo, na si dogo. Riwaya zote mbili ni za baba na mwana, cheo na urithi. Kamati za wanawake, komiti zilizoanzishwa na idara ya afya miaka ya 1920, hazikupewa humo sauti ya usimulizi. Na kamati hizo ndizo sura ngumu zaidi ya habari hii yote. Ziliundwa na serikali, zikadhoofika wakati wa Mau, ambapo wanawake waliunda Mau yao wenyewe, kisha zikarejea na kudumu mpaka baada ya uhuru. Zilikagua nyumba kwa nyumba mikeka, vyandarua, vyombo na vyoo, na zikawatunza wachanga. Yale yale yaliyokataliwa kutoka kinywani mwa jenerali yalikubaliwa yalipotoka kwa wake wa matai na mabinti wa kijiji, kwa sababu mkaguzi alikuja akiwa na nafasi yake katika mpango wa nguzo.

Neno moja la Kisamoa hulieleza hilo kuliko ripoti nyingi. Teu ni kupanga, kutengeneza, kupamba. Va ni nafasi iliyo baina ya mtu na mtu. Wasamoa husema kuitengeneza va kama mtu atengenezavyo chumba, na Wendt mwenyewe ameiandikia dhana hiyo kwa kina: nafasi hiyo si utupu, ni kiungo. Lugha iliyokwisha kuwa na kitenzi cha kusafisha yaliyo kati ya watu haikuhitaji kuletewa wazo la usafi. Ilihitaji sindano, mabomba ya maji na wakunga.

Wala va haitunzwi bila gharama, na hapo Sia Figiel anamjazia Wendt kilichopungua. Katika Where We Once Belonged (1996) msimulizi ni msichana, Alofa, na kijiji chake ni mahali ambapo mtu hawi peke yake kamwe. Nafsi yake ni "sisi" kabla ya kuwa "mimi". Jicho linalokagua mkeka hukagua pia mwili wa binti. Anayesoma Figiel baada ya Wendt hataweza tena kuuita uwazi wa fale uhuru mtupu, na hataweza kuurudia kwa amani ule mgawanyo rahisi wa kizungu kibaya na cha asili kizuri.

Mwaka 2018 watoto wachanga wawili walikufa Samoa baada ya chanjo iliyochanganywa kimakosa, na wazazi wengi wakaacha kuwapeleka watoto wao. Surua ilipoingia mwishoni mwa 2019, walikufa watu 83, wengi wao wadogo chini ya miaka mitano. Mwanzoni mwa Desemba serikali, ya Wasamoa wenyewe safari hii, iliagiza kwamba kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa itundike kitambaa chekundu mbele yake, kisha ikazifunga shughuli zote kwa siku mbili. Vitambaa vilifungwa penye mti, penye uzio, penye nguzo. Wachanjaji walipita barabarani wakivitafuta, wakaingia kila walikoviona.