Mgiriki, Manamba na Kosa la Kulinganisha Tabia

Katika madarasa ya siasa ya Elerai na kata jirani za Jiji la Arusha limezuka zoea ambalo sisi wakufunzi hatuna budi kulikosoa waziwazi. Likifika somo la maendeleo ya jamii, baadhi ya wanafunzi, na hata makada wa siku nyingi, huanza kupanga watu kwa asili zao kama mchuuzi apangavyo mafungu ya nyanya sokoni: hawa ni watu wa kazi, wale ni wavivu, hawa wanajua fedha, wale wanajua ngoma. Siku hizi zoea hilo limevishwa nguo ya kisomi. Zinachukuliwa jumuiya mbili za wahamiaji, inatazamwa ni ipi yenye maduka, nyumba na watoto waliosoma, kisha sababu inatafutwa katika mila za kila jumuiya. Jibu huwa limeandaliwa kabla ya swali.

Njia hiyo ni kasumba. Mkoloni aliitumia kugawa watu katika makabila ya kazi, makabila ya vita na makabila ya ukarani, naye alikuwa na faida yake. Sisi tunaoirudia leo hatuna hata faida hiyo. Lakini kukemea peke yake si hoja. Inatupasa kuonyesha kosa liko wapi, na kwa kazi hiyo hatuna haja ya kusafiri mbali. Miteremko ya Mlima Meru imepokea wahamiaji wa kila namna kwa muda wa zaidi ya miaka 120, na historia yao ni darasa tosha.

Tuanze na wawili waliokutana katika shamba moja: Mgiriki mwenye shamba na manamba. Mara nyingi tunapotaja wahamiaji wa Arusha tunamkumbuka wa kwanza tu. Wa pili tunamwita kibarua, kana kwamba yeye hakuhama. Lakini kibarua aliyetoka Singida, Kondoa au Mbulu kuja kuchuma kahawa chini ya Meru alikuwa mhamiaji kamili. Aliacha ardhi na ukoo wake, akaingia katika nchi ya wenyeji Warusha na Wameru asikokuwa na haki ya kulima hata tuta moja la viazi ila kwa idhini ya mwenye shamba.

Sasa, ndugu msomaji, angalia jinsi kila mmoja alivyofika. Wagiriki wengi wa kwanza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani hawakuwa matajiri. Walikuja na kazi za reli, wakiwa mafundi na wakandarasi wadogo katika njia iliyotoka Tanga kupanda kaskazini. Wanaopenda nadharia ya tabia hushika hapo hapo: mnaona, walikuja maskini, wakajinyima, wakatajirika! Wanaliruka jambo lililotokea katikati. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Mwingereza ilizitwaa mali za Wajerumani kuwa mali za adui na kuziuza kwa mnada. Mashamba yaliyokuwa yamekwisha kufyekwa, yenye mifereji na mibuni iliyopandwa, yakatafuta wanunuzi. Aliyekuwa na akiba ya kandarasi ya reli, na aliyehesabiwa na sheria kuwa mtu awezaye kumiliki hati, alinunua. Ndivyo Wagiriki wengi walivyoingia katika ukulima mkubwa wa Arusha na Moshi. Ardhi iliyouzwa mnadani haikuwa ya Mjerumani kwa asili. Ilikuwa imenyang'anywa Warusha na Wameru baada ya mapigano ya 1896 na kujengwa kwa boma la Arusha mwaka 1900, na wao hawakushirikishwa katika mnada huo kama wenye mali.

Mwaka 1923 zilitungwa sheria mbili ambazo mwanafunzi yeyote wa uchumi wa Tanganyika anapaswa kuzisoma pamoja. Ya kwanza ni Sheria ya Ardhi, iliyoruhusu hati za kumiliki ardhi kwa muda wa hadi miaka 99. Ya pili ilizuia mikopo kwa wenyeji: aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani ila awe amepata kibali cha serikali. Ilielezwa kuwa ni ya kumlinda mwenyeji asizame katika madeni. Huruma ya namna hiyo tunaijua. Matokeo yake ni kwamba mwenye hati aliweza kwenda benki akaweka rehani shamba lake, akasubiri mavuno bila kufa njaa. Mhindi mwenye duka aliweza kupewa bidhaa kwa mali kauli na mfanyabiashara wa jumla. Lakini Mwafrika aliyetaka kufungua kibanda alitakiwa awe na fedha taslimu mkononi tangu siku ya kwanza. Reli ilipofika Arusha mwaka 1929 na kahawa kupata njia rahisi ya kwenda pwani, faida ilifuata pale mtaji ulipokuwa umekwisha kukaa.

Na manamba? Jina lake lenyewe linatuambia: mtu aliyeandikwa namba. Alipewa kipande chenye nafasi za siku 30, na siku ambayo msimamizi aliona kazi haikutimia haikuhesabiwa. Mshahara ulikuja kipande kikijaa. Makazi yalikuwa kambi ya shamba. Akifukuzwa kazi, amefukuzwa na nyumba. Wenye mashamba ya mkonge walikwenda mbali zaidi, wakaunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, Silabu, mwaka 1944, ili wasishindane kwa kupandisha ujira. Watu hushangaa kwamba manamba hakuweka akiba. Aliweka. Ila akiba yake ilikwenda nyumbani kuwa kodi ya kichwa, mahari na ng'ombe, kwa sababu huko ndiko alikokuwa na haki ya kumiliki kitu. Angenunua nini Arusha, na kwa sheria gani?

Hapa mtetezi wa nadharia ya tabia huweza kusema: basi tofauti ni rangi tu, mzungu alipendelewa. Kauli hiyo iko karibu zaidi na ukweli, lakini bado haitoshi, na Meru inatupa mifano miwili ya kuipima.

Wa kwanza ni Makaburu. Kati ya 1904 na 1906, baada ya kushindwa vita na Mwingereza huko Afrika Kusini, familia kadhaa za Makaburu zilikuja na magari ya kukokotwa na ng'ombe zikapewa ardhi na Wajerumani upande wa Oldonyo Sambu. Walikuwa wazungu, na ardhi walipata. Hata hivyo hawakudumu. Hawakuwa na mtaji, reli ilikuwa mbali, soko halikuwapo; wakaishi kwa kuwinda na kubeba mizigo, na wengi wao wakahama tena, baadhi wakaelekea Kenya. Maofisa wa Kijerumani wenyewe waliwadharau. Ukitafuta sababu katika mila utakwama, maana hao ndio watu ambao kwao, Afrika Kusini, wanasifiwa kwa ukulima.

Mfano wa pili unatugusa zaidi, nao ni wa Wapolandi wa Tengeru. Hawa walikuwa raia waliochukuliwa na majeshi ya Kisovieti mwaka 1940 na 1941 na kupelekwa Siberia na sehemu nyingine za mbali, wakaachiliwa baadaye na kupitia Uajemi hadi Afrika Mashariki. Kuanzia 1942 kambi ya Tengeru ilikusanya watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wazungu, Wakristo, wengi wao watu wa vijijini waliozoea jembe. Walijenga shule, hospitali na kanisa, wakalima bustani na kufuga. Kwa kipimo cha tabia, wangekuwa walowezi hodari kuliko wote. Lakini serikali ya kikoloni haikutaka wabaki. Mzungu maskini asiye na shamba wala cheo alikuwa hatari kwa heshima ya utawala: Mwafrika angemwona mzungu akichota maji na kufua nguo zake mwenyewe, na ule uongo wa ubwana ungepasuka. Aliyeruhusiwa kubaki ni yule aliyeweza kuonyesha ana kazi au fedha za kujitegemea. Kambi ilipofungwa mwaka 1952 wengi walikwisha kupelekwa Uingereza, Kanada na Australia. Yamebaki makaburi yao, yanayotunzwa hadi leo.

Weka tarehe hizo kando ya nyingine. Mwezi Novemba 1951, wakati kambi ya Tengeru inaelekea kufungwa, serikali hiyo hiyo iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na kuchoma nyumba zao ili ardhi igawiwe walowezi wachache wa kizungu wenye mtaji, kwa kufuata mapendekezo yaliyotokana na Tume ya Jaji Wilson. Kirilo Japhet alilipeleka shauri hilo Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Kwa hiyo nafasi haikukosekana. Mzungu mwenye mtaji alihamishiwa watu 3,000 wampishe. Mzungu asiye na mtaji alipakiwa melini.

Hatusemi kwamba mila hazina kazi yoyote. Wagiriki walisaidiana, waliajiri ndugu zao, walikuwa na shule na klabu yao hapa Arusha. Manamba nao walikuwa na vyama vya kuzikana na ngoma zilizowaunganisha. Tofauti ni kwamba ushirikiano wa wenye hati huzaa hati nyingine, na ushirikiano wa wasio na kitu hununua sanda. Mila hufanya kazi juu ya kile kilichopo.

Uchambuzi huu utakuwa wa upande mmoja tukiishia kwa mkoloni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, hasa mwaka 1973, mashamba mengi ya kahawa ya Kilimanjaro na Arusha yalitaifishwa, na Wagiriki wengi wakaondoka. Ilikuwa hatua ya haki. Lakini kada mkweli lazima aulize: manamba alipata nini? Mashamba yaliwekwa chini ya vyombo vya umma, vyama vya ushirika na vijiji. Vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vikavunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikatungwa 1982. Katika misukosuko hiyo vibarua wengi walibadilishiwa mwajiri, hawakubadilishiwa hali. Kambi ilibaki kambi. Aliyestaafu alitoka bila shamba, bila nyumba, akahamia pembezoni mwa mji. Baadaye mashamba mengine yakakodishwa tena kwa makampuni. Kosa letu kinadharia lilikuwa kumtazama mmiliki tu anayeondoka, tukasahau kuwa katika shamba hilo kulikuwa na wahamiaji wawili.

Wanaolinganisha jumuiya hutuletea sana mfano wa Uingereza: Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 walifika wakiwa na sanduku moja, leo wana viwanda, Wasomali waliofika baada ya vita vya mwishoni mwa miaka ya 1980 bado wanahangaika. Je, hiyo si tabia? La hasha! Waasia zaidi ya 27,000 walioingia kutoka Uganda walikuwa na pasipoti za Kiingereza, na wengi wao walikuwa na haki ya kufanya kazi tangu siku waliyoshuka ndege. Iliundwa bodi maalumu ya kuwapokea. Wengi walikuwa wafanyabiashara na watumishi wenye lugha, ujuzi wa hesabu na ndugu waliotangulia. Sanduku lilikuwa moja, lakini elimu ya biashara haipimwi kwa kilo uwanja wa ndege. Hata hivyo halmashauri ya Leicester ililipa tangazo katika gazeti la Uganda kuwaomba wasiende kwao. Wale wanaosifiwa leo ndio waliokuwa wakikataliwa jana. Msomali aliyekuja baadaye alikuja kama mwombaji hifadhi, pengine mama peke yake na watoto, kutoka nchi ambayo serikali na shule zake zilikuwa zimesambaratika. Na kuanzia 2002 Uingereza iliondoa nafuu iliyokuwa ikimruhusu mwombaji kuomba kibali cha kazi baada ya miezi sita ya kungoja. Mtu anakatazwa kufanya kazi, kisha anaandikwa kuwa hapendi kazi.

Turudi Elerai. Kata hii haiko mbali na mibuni ya Burka, na imejaa watu wa kuja: wajukuu wa manamba, vijana waliotoka mikoa ya kati juzi, wafanyabiashara wa kutoka Kilimanjaro, wafugaji walioacha ng'ombe. Tunapowasikia viongozi wa mtaa wakisema kabila fulani ndilo linalostahili kupewa vizimba kwa kuwa "linajua biashara", tunasikia sauti ya 1923. Sheria ile ilikwisha kufa, lakini benki bado inataka hati, na kijana ambaye babu yake alitoka kambini mikono mitupu anakaa katika kiwanja chenye karatasi ya mauziano tu iliyogongwa muhuri mtaani. Jirani yake aliyerithi nyumba yenye hati anakopa, anafungua duka, na baada ya miaka mitano wote wawili watakuwa mfano darasani wa mila nzuri na mila mbaya. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyositishwa 2023 na kurejeshwa 2024, inafaa kuchunguzwa kwa jicho hilo hilo: ni vikundi vya akina nani vinavyoandika katiba na maombi bila kusaidiwa, na ni vya akina nani vinavyorudishwa mlangoni.

Kwa semina ijayo tunawataka wanafunzi wa matawi haya waache majedwali ya makabila. Kila mmoja achague kaya tatu za mtaa wake na kuandika: mhamiaji wa kwanza alifika mwaka gani, aliajiriwa na nani, alilala kwenye ardhi ya nani, na karatasi anayoishikilia leo ni ya namna gani.